Kikao kisiwe cha "ndiyooo" tu: namna ya kuzuia mkumbo kwenye kamati za kijiji na mtaa

Kama ushawahi kukaa kwenye kamati yoyote ya huku kwetu Tanzania, iwe ya shule, ya ujenzi, ya maji au halmashauri ya kijiji yenyewe, hii unaijua. Mwenyekiti anafungua ajenda, anasema "mimi binafsi naona hili jambo ni jema sana", mjumbe wa kwanza anasimama naunga mkono hoja, wa pili naunga mkono, wa tatu anaunga mkono na kuupongeza uongozi kwa kazi kubwa, katibu anaandika "wajumbe waliridhia kwa kauli moja", soda zinagawiwa, kikao kimeisha. Sasa toka nao mpaka pale nje kwenye pikipiki. Hapo ndio kikao chenyewe kinaanza! "Ile hela haifiki hata kwenye linta." "Yule fundi si ndio alijenga kile choo kikatitia?" "Afu pale masika maji yanajaa mpaka magotini, mi nimelima pale miaka mingi." Yote hayo yalikuwa vichwani mwa watu waliokaa mle ndani dakika tano zilizopita na hakuna hata moja liliingia kwenye muhtasari.

Haya nayoandika hapa ni ya kuyahamisha hayo maneno ya kwenye pikipiki yaingie ndani ya kikao kabla hela haijatoka, basi. Siongelei rushwa, rushwa ina wenyewe wa kuishughulikia. Naongelea watu wazuri kabisa, wenye nia njema na wanaoheshimiana, wanapitisha jambo bovu kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuchafua hali ya hewa.

KWANZA TUELEWANE KWA NINI WATU WANANYAMAZA

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, miaka ya 1950 alifanya jaribio rahisi mpaka linachekesha. Anaonyesha mstari mmoja, pembeni kuna mistari mitatu, taja upi unalingana na ule. Mtoto wa chekechea anapata. Ila mle chumbani wote walishapangwa wajibu uongo isipokuwa mtu mmoja, na yule mmoja akishasikia wenzake wote wametaja mstari ambao sio, karibu theluthi ya majibu yalifuata huo uongo. Na ile ni mistari tu jamani, hakuna posho, hakuna shemeji yako mezani, hakuna cheo. Ila yenye faida kwetu ni mambo mawili mengine aliyoyaona. Akiwekwa mtu mwingine mmoja tu anayesema ukweli, kufuata mkumbo kunashuka sana. Na mtu akiruhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka mbele za watu, kunashuka pia. Shika hizo mbili maana karibu mbinu zote za huko mbele zinatoka hapo.

Mfano wa wakubwa ndio huu. Aprili 1961 rais John F. Kennedy na washauri wake, watu waliosoma haswa, walipitisha mpango wa kuwapeleka Wacuba kama 1,400 waliokuwa wamekimbia nchi yao wakaivamie Cuba pale Bay of Pigs. Siku tatu tu mpango umekufa na zaidi ya 1,100 wametekwa. Mshauri wake mmoja, Arthur Schlesinger, alishaandika kwenye karatasi kwamba hapendi mpango ule, lakini kwenye vikao alikaa kimya, na baadaye alijilaumu sana. Msomi Irving Janis mwaka 1972 ndio akakusanya visa kama hivyo akaonyesha kwamba kundi linalopendana na kuaminiana likiwa kwenye presha linaanza kuchuja lenyewe maneno yasiyofurahisha, bila hata mtu kuagiza. Oktoba 1962 makombora ya Wasovieti yakaonekana Cuba, rais ni yule yule na washauri wengi ni wale wale, ila safari hii walipanga vikao vingine kabisa: wakagawanywa makundi kila kundi likaja na njia yake, rais baadhi ya vikao hakuingia makusudi ili watu wafunguke, na mdogo wake Robert pamoja na mshauri wake Ted Sorensen wakawa na kazi ya kuchokonoa kila hoja. Ndani ya miezi 18 hakuna aliyeongezewa akili, wamebadili tu namna ya kukaa.

Sasa huku kwetu mzigo ni mkubwa kuliko wa Schlesinger. Mshauri wa Washington akimuudhi bosi anapoteza kazi anaenda kufundisha chuo. Wewe ukimuudhi mwenyekiti wa kijiji, kesho mnachimba kaburi pamoja, keshokutwa unataka barua yake ya utambulisho ya mtoto kwenda kidato cha tano, na mke wake ni mweka hazina wa vikoba vya mkeo. Kwa hiyo mtu akikwambia "wajumbe wawe majasiri" mwambie asante, afu endelea na kazi. Ujasiri ni wa watu wachache na unaisha haraka. Panga kikao kiasi kwamba mtu wa kawaida, mwoga kama mimi na wewe, anaweza kusema jambo lake bila kuonekana amemvunjia mtu heshima.

MWENYEKITI AONGEE MWISHO

Hii ni ya bure na ndio yenye nguvu kuliko zote, na ndio ngumu kuliko zote maana wenyeviti wetu wanapenda kufungua kwa hotuba. Mwenyekiti asome ajenda kama ilivyo, aeleze tatizo, aeleze hela iliyopo, afu anyamaze. Asiseme "naona", asiseme "napendekeza", asitikise kichwa. Ni sawa na tangazo la matokeo kabla ya kura, akishasema anachotaka mnaobaki mnapigia makofi tu.

Na kuongea kuanzie kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Kijana aanze, mjumbe mpya aanze, kina mama waanze, wazee wenye sauti wamalizie. Najua desturi ni kinyume chake, mzee anafungua njia, lakini mzee akishafungua njia nani atapita kwingine? Njia ya kulifanya bila kumkwaza mtu ni mwenyekiti mwenyewe kusema mwanzoni "wazee wangu leo naomba mtusikilize sisi watoto kwanza afu mtatufungia kwa busara zenu". Wazee wengi wanafurahi kabisa, wanaona wamepewa nafasi ya hakimu.

Hili la kina mama nilikazie. Sheria imewapa viti. Baraza la ardhi la kijiji kwa mfano lina watu 7 na watatu lazima wawe wanawake. Vizuri. Lakini kukaa kwenye kiti na kuongea ni vitu viwili, nimeona mabaraza ambapo wale watatu wamekaa kwenye benchi la pembeni wanaulizwa mwishoni kabisa "haya kina mama mna la kuongezea?", saa nane na nusu, jua kali, watoto hawajala nyumbani. Hapo jibu ni hapana hata kama wanalo. Waulize ajenda ya kwanza, swali la kwanza.

KARATASI, AU PUNJE

Kabla mjadala haujaanza gawa vipande vya karatasi, kila mjumbe aandike bila jina jambo moja linalomtia wasiwasi kuhusu hili pendekezo. Sio "unakubali au unakataa", hapana, uliza wasiwasi. Maana ukiuliza kukubali watu wanaandika nakubali hata kwenye karatasi, ila wasiwasi kila mtu anao na ukiuomba unakuwa umempa ruhusa. Katibu anakusanya kwenye kofia anachanganya anasoma kwa sauti, moja moja.

Nilishuhudia hii kwenye kamati moja ya mradi wa maji, kijiji sikitaji. Walikuwa wanaamua kilula, yani kituo cha watu kuchotea maji, kikae wapi, na ilishaonekana kitakaa karibu na senta kwa sababu ndio kuna watu wengi na kila mtu alishakubali barabarani kabla hata ya kufika. Karatasi zikasomwa. Nyingi zilikuwa za kawaida, nani atalinda, bei ya ndoo itakuwa ngapi. Afu ikaja moja mwandiko wa kukwaruza kama wa mtu aliyeacha shule zamani: "mifereji ya machinjio inapita hapo". Kimya. Watu wakaangaliana. Yani wote waliijua ile machinjio, wananunua nyama pale kila Jumapili! Mzee mmoja akasema taratibu "huyu aliyeandika hajakosea", na baada ya hapo kikao kikachukua masaa mawili zaidi na kilula kikapanda juu upande wa shule. Mpaka leo hakuna anayejua nani aliandika, na hakuna haja.

Kama kuna wajumbe wasioandika vizuri usiwaaibishe. Kwa maamuzi ya mwisho tumia punje: kila mtu anapewa hindi moja na haragwe moja, hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, anapita nyuma ya mlango anatumbukiza moja kwenye kopo na nyingine anabaki nayo mfukoni. Linachukua dakika kumi. Kunyoosha mikono kunachukua sekunde kumi, na ndani ya hizo sekunde kila mtu anapepesa macho kumwangalia jirani yake kwanza.

MPE MTU KAZI YA KUPINGA

Kwenye kila ajenda yenye hela, mwenyekiti ateue mtu mmoja leo kazi yake ni kutafuta kasoro. Kwa zamu, kila kikao mwingine. Ateuliwe kabla, sio pale pale, ili apate siku mbili za kuulizia bei mjini na kuongea na watu. Faida yake ni kwamba akipinga hakuna anayesema "huyu katumwa" au "huyu mpinga maendeleo", kwa sababu kweli katumwa, na aliyemtuma ni mwenyekiti.

Ila hapa kuna mtego. Zamu ikishazoeleka inageuka maigizo, mtu anasimama anapinga vijimambo vidogo kwa utani, watu wanacheka, mnapitisha, mnajisifu mmejadili. Watafiti waliolinganisha hayo wameona mtu anayepinga kwa kuamini anafikirisha wenzake zaidi kuliko anayeigiza. Kwa hiyo ukiwa na mjumbe ambaye kweli hakubaliani, usimpe mtu mwingine hiyo kazi, mpe yeye na umpe muda wa kutosha. Hata kama anaudhi. Hasa kama anaudhi, nilikuwa nataka kusema.

SWALI LA MWAKA KESHO

Mwanasaikolojia Gary Klein ana mbinu moja nzuri sana na haihitaji vifaa. Badala ya kuuliza "je kuna tatizo lolote?", ambapo jibu siku zote ni "hakuna mheshimiwa", unasema hivi: "Jamani tuseme leo ni mwaka kesho mwezi kama huu. Huu mradi umekufa. Umekufa kabisa, watu wanatucheka. Kila mtu aniambie umekufa kwa sababu gani." Basi, umegeuza. Sasa kutaja kasoro sio kupinga uongozi, ni kuonyesha ujanja, na watu wetu kwa hadithi hawajambo.

Mfano mnajadili pampu ya dizeli ya kisima. Ukiuliza kuna tatizo, hakuna. Ukisema imekufa mwaka kesho: mmoja anasema mafuta yalipanda hela ya ndoo ikawa haitoshi, mwingine anasema mwendesha mitambo alioa akahamia kwa wakwe hakuna mwingine aliyefundishwa, mwingine anasema spea ilibidi ifuatwe Dar, mwingine anakohoa kidogo anasema "labda... hela za maji zilikopeshwa kwenye mambo mengine". Hilo la mwisho hutalisikia kwa njia nyingine yoyote. Andika yote, afu kwa kila moja ulizana tunafanya nini leo lisitokee. Msipopata jibu la mambo makubwa mawili au matatu, ahirisheni.

Na kuahirisha ni silaha. Jambo kubwa lisipitishwe siku ile ile lililoletwa. Kikao cha kwanza mnajadili, mnaenda kulala, mnaongea na wake na waume zenu, mnakaa tena kama wiki moja baadaye kuamua. Mtu akisema hakuna muda, hela itarudi, mwaka wa fedha unaisha Juni 30, muulize kwa upole barua ya hela ilikuja lini. Mara nyingi ilikuja zamani ikakaa kwenye droo.

MAMBO MADOGO YANAYOBEBA KAZI

Ajenda na makadirio yafike kwa wajumbe siku kadhaa kabla, sio mnafika mnakuta mezani. Mtu hawezi kupinga hesabu ambayo ameiona sasa hivi na mtendaji anaisoma kwa kasi ya redio. Grupu la WhatsApp linafaa kutuma nyaraka ila lisifanye maamuzi, kule mkumbo ni mbaya zaidi, wa kwanza akiweka dole gumba wote wanaweka dole gumba, hata yule ambaye hajafungua faili.

Gawaneni. Halmashauri ya kijiji kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaweza kuwa na wajumbe mpaka 25, na watu 25 ukitoa itifaki, salamu na pongezi wanaoongea kitu cha maana ni wanne, wale wale. Kamati za kudumu mnazo tayari, ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii, ya ulinzi na usalama. Mbili kati ya hizo zichambue jambo lile lile kila moja kivyake bila kuambiana, afu mlete majibu. Yakifanana mnapata amani, yakitofautiana mmeokoa hela. Vivyo hivyo kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, jambo lipite kwenye vitongoji kwanza, kwa sababu mkutano mkuu wa watu mia nne chini ya mti ukiuliza "mnakubaliii?" jibu unalijua.

Mwiteni mtu wa nje anayejua kitu chenyewe. Kwenye ujenzi wa force account, ambapo kamati ndio inanunua na kusimamia mafundi yenyewe, nimewahi kusikia ubishi wa bati geji 28 na geji 30, kamati nzima inaamini 30 ndio nene kwa sababu namba ni kubwa, na mjumbe mmoja ambaye ni fundi wa kuezeka kabisa amekaa anaangalia viatu vyake kwa sababu mwenyekiti wa kamati alishasema "tuchukue 30 tuwe na uhakika". Geji 28 ndio nene. Mwenye duka alipoulizwa kwa simu, spika wazi, alimaliza ubishi kwa sentensi moja na hakuna aliyeaibika kwa mwenzake, maana aliyesahihisha hakuwa mmoja wao. Daktari wa mifugo, mwalimu wa hesabu, bibi anayeuza mchicha pale pale mnapotaka kuweka stendi, wote ni wataalamu siku hiyo.

Na nendeni mkaone. Eneo likijadiliwa kwenye karatasi linakuwa tambarare siku zote.

MAELEKEZO KUTOKA JUU

Hapa ndio pagumu, tusidanganyane. Mkubwa akishafika na gari na maelekezo yake, kikao chote kinakuwa cha kupokea. Kukataa hamuwezi, na mara nyingi hakuna haja ya kukataa. Mnachoweza ni kutenganisha mambo mawili: kipi kimeamriwa na kipi mmeachiwa. Ameelekeza madarasa yaishe kabla ya Januari, sawa. Hajaelekeza fundi nani, mchanga wa wapi, kamati ya mapokezi ya vifaa ihesabu mifuko saa ngapi. Mjadala wenu wote uhamie hapo na uwe mkali. Kama maelekezo yenyewe yana kasoro ya kitaalamu, muhtasari ueleze kwa adabu "wajumbe walipokea maelekezo na wakaomba ushauri wa mhandisi kuhusu hali ya udongo kabla ya kuanza". Sijaona mkubwa aliyekasirika kwa kuombwa mhandisi. Nimeona waliokasirika sana jengo lilipopata ufa na ikaonekana hakuna aliyeuliza.

UKIWA MJUMBE WA KAWAIDA NA HAKUNA ANAYEFANYA HAYA YOTE

Usiende peke yako. Siku moja kabla pita kwa mjumbe mmoja tu unayemwamini, mpe wasiwasi wako, na kama anao pia mkubaliane wewe ukiuliza yeye asikuache hewani. Haitakiwi atoe hotuba, inatosha aseme "hata mimi ningependa kusikia jibu la hilo". Kumbuka Asch na yule mtu mmoja wa pili. Zaidi ya mmoja usipite kwao, ukipita kwa wanane imeshakuwa kampeni na itafika kwa mwenyekiti kabla hujalala.

Ukisimama uliza, usitangaze. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kueleweshwa, huyu fundi tumeona kazi yake wapi?" inapita. "Huyu fundi hafai" haipiti hata kama ni kweli, maana lazima mtu amtetee. Taja kitu, usitaje mtu. Anza na unachokubaliana nacho kama kipo kweli, usizidishe sifa mpaka swali lenyewe likapotea katikati.

Wakikuzomea kaa chini, usibishane zaidi ya mara mbili. Wengi wape, sawa, lakini kuwapa hakukuzuii kuandikwa. Mwambie katibu pale pale, kwa sauti ya kawaida, "naomba wasiwasi wangu uingie kwenye muhtasari", na kikao kijacho muhtasari ukisomwa kwa ajili ya kuthibitishwa sikiliza kama upo. Wasiwasi wako usipokuwemo, omba muhtasari usahihishwe kabla haujathibitishwa. Wakikataa tena andika barua fupi kwa mtendaji, nusu ukurasa, tarehe, ajenda namba fulani, nilihoji hiki na hiki, bila lawama na bila jina la mtu. Peleka nakala mbili, moja abaki nayo, nyingine akugongee mhuri wa kupokea na uondoke nayo.